Una milimita moja tu: ninavyompiga picha mdudu

Kazi inayonilisha ni pasipoti saizi. Nina kibanda Tabata, hapa Dar: kiti kimoja, kitambaa cha bluu ukutani, miavuli miwili ya flashi, na printa inayokoroma kama mzee aliyeshiba. Mteja anakaa, namwambia ashushe kidevu kidogo, napiga, baada ya dakika kumi anaondoka na vipande vyake vinne. Lakini kabla sijafungua mlango, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili asubuhi, mimi huwa uani nimepiga magoti chini ya mlimao, natafuta wadudu.

Siku za mwanzo mama mwenye nyumba alinikuta nimelala kifudifudi kando ya tuta la mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeangusha nini tena?"

"Sijaangusha kitu, mama. Kuna nzi hapa nampiga picha."

Alinyamaza kidogo. "Nzi? Na yeye anataka pasipoti?"

Akacheka peke yake mpaka jikoni. Mimi sikucheka, maana mwezi ule mambo yalikuwa yananiendea kombo. Nilikuwa nimeshapiga mamia ya picha za nyuki kwenye mrehani wake, na nilipozifungua kwenye kompyuta, nyuki wote walikuwa wazuri mgongoni. Manyoya ya mgongo yamekaa shapu, mabawa yanameta, uso ukungu mtupu. Mteja wa pasipoti ukimpa picha yenye sikio shapu na macho ya ukungu atairudisha hapo hapo mlangoni, na ana haki. Mimi nilikuwa nawafanyia nyuki jambo ambalo nisingethubutu kumfanyia mtu aliyenilipa.

Nililaumu lenzi. Lenzi haikuwa na kosa. Nilikuwa sijui nina kiasi gani cha kutumia.

Kiasi chenyewe ni hiki. Ukisogea karibu mpaka mdudu akatua kwenye sensa ya kamera, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, kwa ukubwa wake halisi, huo ndio ukuzaji unaoandikwa 1:1. Hapo sehemu inayotoka shapu, kutoka mbele kwenda nyuma, inakuwa nyembamba ajabu. Kamera yangu ina sensa ndogo, upana wake milimita 22 na ushee. Nikiiweka f/11 (hiyo ni namba ya tundu la lenzi: namba ikikua, tundu linakuwa dogo) kwa 1:1, napata kama milimita 0.8. Nikikuza mara mbili zaidi, yaani 2:1, kwa f/8, inabaki karibu robo ya milimita. Toa kadi yako ya benki uitazame kwa ubavu. Unene huo ndio ulionao, na mara nyingine hata huo huna. Nzi wa nyumbani ana urefu wa milimita sita au saba, kwa hiyo haiwezekani kumpata mzima kutoka puani mpaka mkiani ukimpiga kwa mbele. Ni sawa na kutumwa Buguruni sokoni na noti moja ya elfu kumi: nyama, mchele, mafuta na nyanya vyote havitoki humo. Unachagua.

Basi picha kali ya mdudu kwangu ni ile ambayo mpigaji alijua anainunulia nini ile milimita yake. Mengine yote nitakayoyasema hapa yanatumikia hilo.

Chaguo la kwanza ni macho. Binadamu akiangalia picha yoyote yenye kiumbe hutafuta macho, na akiyakuta yana ukungu anaona kuna kitu hakiko sawa hata kama hajui kukitaja. Kwa nzi na nyuki jicho si doa jeusi, ni maelfu ya vijicho vilivyopangwa kama sega, na fokasi ikikaa vizuri utaviona vimejipanga safu kwa safu. Mimi nikiona safu hizo kwenye kioo cha kamera najua asubuhi haikupotea. Nisipoziona, nafuta papo hapo, hata kama mabawa yamependeza kiasi gani.

Chaguo la pili ni kuilaza kadi. Kadi ya benki ni bapa, na wadudu wengi nao wana upande ulio bapa. Kipepeo aliyefunga mabawa ni kama kitabu kilichosimama. Ukimpiga kwa ubavu kabisa, kioo cha lenzi kikiwa sambamba na bawa, kadi inaingia yote ndani yake na bawa zima linatoka shapu pamoja na jicho. Ukipinda nyuzi kumi tu, nusu ya bawa imeshapotea. Kerengende hivyo hivyo, ukimchukua kwa ubavu, kichwa, kifua na tumbo lake refu vinakaa kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, acha kumtazama mdudu kidogo, itazame kamera yako ilivyoinama. Mimi husogeza kiwiko, mara nyingine goti zima, kwa ajili ya tofauti ambayo mtu akisimama pembeni haioni.

Au unaweza kufanya kinyume, ukamkabili uso kwa uso, ukaacha mwili wote uyeyuke nyuma ya macho mawili. Picha ya namna hiyo ikitoka huwa na nguvu sana. Ila hapo macho yote mawili lazima yawe kwenye kadi moja. Jicho moja shapu na jingine ukungu kwa sababu ulikaa upande kidogo ni kosa ambalo haliokoleki.

Na usimpige kwa juu. Hii naisema kwa ukali kwa sababu ndivyo kila mtu anavyoanza: amesimama, ameinamisha simu, anapata mgongo wa mende na sakafu. Sisi tunawaona wadudu kwa juu kila siku, picha ya hivyo haimwambii mtu kitu kipya. Shuka mpaka lenzi ilingane na uso wake. Utachafua suruali. Mimi nina kipande cha mkeka wa plastiki nilichokata, kinatosha magoti na viwiko, nakibeba kwenye begi kama mtu anayebeba mswala.

Sasa nikupe kisa cha kiwavi, maana ndiye aliyenipa somo la macho kwa kunidanganya.

Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoadoa ya manjano anayetaga mayai kwenye majani ya milimao na michungwa, jina lake la kitaalamu Papilio demodocus. Kama una mlimao uani, unaye. Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege: mweusi na mweupe, ananing'inia juu ya jani bila aibu. Akikua anageuka kijani, ananenepa upande wa mbele, na hapo kwenye unene kuna alama mbili zilizo kama macho. Asubuhi moja nikamkuta mmoja katulia juu ya jani, nikafurahi, nikalala chini, nikaweka fokasi kwenye yale macho mawili, nikapiga kama picha arobaini. Yote yalitoka shapu. Usiku nakuza kwenye kompyuta, naona chini kabisa, kwenye ukungu, kuna kichwa kidogo cha mviringo, kimeinamishwa kama mtoto aliyekosa. Kichwa chenyewe kilikuwa kile. Yale niliyoyapiga ni madoa ya ngozi, yamewekwa pale kumtisha ndege.

Kesho yake nikarudi nikapiga kichwa cha kweli, chenye vijicho vidogo vidogo pembeni. Ikatoka picha sahihi na ya baridi. Ya macho ya uongo ndiyo iliyokuwa kali! Nikabaki nazo zote mbili, na nikabadilisha kidogo kanuni yangu. Milimita iende pale ambapo mdudu anataka kutazamwa, au pale anapofanya kazi. Mara tisa kati ya kumi ni macho. Ile ya kumi inaweza kuwa mdomo unaokata jani, au mguu uliobeba chavua. Kiwavi huyo huyo ukimgusa kidogo kwa kijiti, anatoa nyuma ya kichwa kiungo laini chenye pembe mbili, cha rangi ya chungwa, kinachonuka vikali, kisha anakirudisha ndani baada ya sekunde chache. Unapata nafasi ya picha mbili au tatu. Weka fokasi kabla hujamgusa, wala usimguse mara kumi kwa siku. Anachoka.

Twende kwenye mwanga, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kazi ya kibandani ilinisaidia kuliko kitu kingine.

Kwa 1:1 kamera inakula mwanga. Ukiandika f/11, kwa lenzi nyingi tundu linafanya kazi kama f/22, maana lenzi imesogea mbali na sensa. Ndiyo maana usijaribu kuongeza unene wa kadi kwa kufunga tundu mpaka f/22: utafika f/44 ya kweli, na mwanga ukipita kwenye tundu dogo hivyo unatawanyika, picha nzima inalegea. Unapata milimita mbili za kitu kisicho shapu popote. Mimi sivuki f/11, na nikikuza zaidi ya 1:1 narudi f/8.

Mwanga wa asubuhi peke yake hautoshi kwa hesabu hiyo, na jua la mchana ni baya zaidi. Dar jua likishapanda linapiga kwa juu, na mwezi wa 3 mwanzoni na wa 10 katikati adhuhuri linakaa utosini kabisa. Mdudu anang'aa mgongoni kama sufuria na tumboni ni kiza. Kwa hiyo natumia flashi, hata saa moja asubuhi. Shata, yaani muda wa kupokea mwanga, naweka 1/200 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuuona mwanga) 100 au 200, f/11, na flashi kwa nguvu ndogo, 1/16 au 1/32 ya nguvu yake yote. Bila flashi, setingi hizo zinatoa picha nyeusi karibu yote, na ndivyo ninavyotaka. Maana yake ni kwamba kinachopiga picha ni mmweko wa flashi, na mmweko wa nguvu ndogo ni mfupi mno, flashi nyingi hazifiki hata 1/5000 ya sekunde. Mkono ukitikisika, jani likiyumba, nyuki akipepea, mmweko unawagandisha. Tangu nijue hivyo stendi ya kamera imebaki kibandani inaning'iniza mikoba ya wateja.

Ila flashi tupu ni adui. Taa yake ni ndogo na inatoa nukta nyeupe kali mgongoni mwa mdudu, na wadudu wengi wana ngozi inayong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Mwanga laini ni mwanga mkubwa ukiutazama kutoka alipo mdudu. Mwavuli wangu wa kibandani ni mkubwa kwa uso wa mtu aliye mita moja mbele yake, lakini kwa nzi huhitaji mwavuli. Karatasi ya A4 ikiwa karibu naye sentimita kumi ni kubwa kama dari ya msikiti. Basi nikatengeneza changu: boksi la kadibodi, ndani nimebandika karatasi ya fedha ya jikoni, kwa nyuma linavaa kichwa cha flashi, kwa mbele linainama juu ya lenzi kama kofia, na mdomo wake nimeufunga kwa karatasi ya tresingi, ile wanayochorea ramani. Tabaka la kwanza peke yake halikutosha, katikati palikuwa bado na doa kali. Niliongeza la pili, nikaacha nafasi ya vidole viwili kati yake na la kwanza, na hapo mwanga ukasambaa.

Usijaribu kifaa chako kwa mdudu. Chukua kijiko cha chai, kigeuze mgongo, kiweke mezani, kipige picha kwa umbali ule ule utakaotumia. Mgongo wa kijiko utakuonyesha taa yako ilivyo. Ukiona nukta nyeupe yenye kingo kali, rudi ukaongeze karatasi. Ukiona wingu jeupe pana linalofifia taratibu kuelekea pembeni, nenda uani. Nilikaa na kijiko siku tatu kabla ya kuridhika, watoto wakadhani nimeanza uganga.

Mtihani mkubwa zaidi ni yule nyuki mweusi mnene anayetoboa mbao za paa. Mgongo wake ni kioo. Nilivyompiga mara ya kwanza nilikuta juu yake taswira ya flashi, ya mkono wangu, na nadhani hata ya paji la uso. Kwake sogeza karatasi karibu mpaka inakaribia kumgusa, umpige kwa ubavu, na ukubali kuwa atatoka na wingu moja jeupe. Wingu likikaa vizuri linamfanya aonekane wa duara.

Flashi ina tabia moja ya kuangalia: mwanga wake unapungua haraka. Kilicho mbali mara mbili kinapata robo tu. Mdudu anang'aa, nyuma yake panakuwa peusi kama usiku hata kama ni saa mbili asubuhi. Kwa buibui au nondo, weusi huo unapendeza. Kwa nyuki aliye kwenye ua, kwangu mimi unaonekana wa uongo. Dawa yake ni kuweka kitu nyuma, karibu: jani pana la mgomba sentimita kumi au kumi na tano nyuma ya ua linatosha kutoa kijani laini kisicho na umbo. Niliwahi kuweka kitambaa changu cha bluu cha pasipoti nyuma ya panzi. Alitoka kama anaomba viza. Baadaye nikaazima kanga ya mke wangu, yenye kijani na njano, nikaitundika mbali kidogo mpaka maua yake yakayeyuka, na hiyo naitumia mpaka leo. Kitu cha kukwepa ni kijiti cheupe au doa la jua nyuma ya kichwa cha mdudu. Jicho la mtazamaji litaenda huko kwanza, na wewe milimita yako umeshailipa kwingine.

Fokasi naiweka kwa mkono. Fokasi ya kujiendesha kwa umbali huu inakwenda na kurudi kama daladala inayotafuta abiria, na mdudu ameshaondoka. Chagua ukuzaji unaoutaka, acha pete ya lenzi ilivyo, halafu msogeze mwili wako mbele na nyuma taratibu, kidogo kuliko unavyodhani, na ubonyeze macho yanapopita kwenye ushapu. Toa pumzi nusu, bana. Kama mdudu yuko kwenye kijiti au jani refu, shika kijiti kile kwa mkono wa kushoto, na lenzi uilaze juu ya mkono huo huo. Sasa kamera na mdudu wanayumba pamoja, na upepo unakuwa si shida tena. Hii peke yake iliniongezea picha nzuri kuliko lenzi yoyote niliyowahi kununua.

Vifaa, kwa kifupi. Huhitaji lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, kuanza. Lenzi ya milimita 50 na pete za kuisogeza mbele zinatosha. Pete hizo hazina kioo ndani, na zile tatu za 12, 20 na 36 zikiunganishwa ni milimita 68. Gawa kwa 50 unapata 1.36, yaani umevuka 1:1. Tatizo ni kwamba utakuwa sentimita chache tu kutoka kwa mdudu, na wengine hawakubali. Lenzi ya makro ya milimita 100 inakupa nafasi ya kupumua. Mwenye simu atafute kile kilenzi cha kubana juu ya kamera ya simu, asogee karibu, na awashe taa kupitia karatasi. Macho na usawa havihitaji kamera ya bei. Ukinunua lenzi ya mtumba, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili kabla hujatoa hela. Mimi sikufanya hivyo, nikafika nyumbani na lenzi yenye kuvu ndani, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na muuzaji akaniambia ndivyo lenzi za zamani zilivyo. Joto letu na unyevu wa bahari vinalea kuvu. Zangu nazifungia kwenye kontena la plastiki la chakula pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Na kama ulikuwa kwenye kiyoyozi, iache kamera kwenye begi nusu saa kabla ya kuitoa nje, vinginevyo inatoa jasho na picha ya kwanza mpaka ya ishirini ni moshi.

Saa na mahali. Wapigapicha wa nchi za baridi hutamba kwamba alfajiri wanawakuta wadudu wamezubaa na umande, hawawezi kuruka. Dar hatuna bahati hiyo sana. Hata Julai, alfajiri inashuka karibu nyuzi 19 tu, nzi anaruka kama kawaida. Faida yetu ya asubuhi ni upepo: kabla nchi kavu haijapata joto, upepo wa bahari bado umelala, majani yametulia. Ikifika saa tatu, funga begi. Saa kumi na moja jioni inafaa pia. Usiku baada ya mvua za masika au vuli, washa taa ya nje, kumbikumbi watakuja wenyewe. Wengi watampiga kumbikumbi anaruka; mimi napenda baadaye, ameshadondosha mabawa, anatembea kati ya mabawa ya wenzake sakafuni.

Uani kwako kunatosha mwaka mzima. Nikitaka kubadilisha naenda bustani ya mimea pale Samora siku za wikiendi, au nafika msitu wa Pugu upande wa Kisarawe, ambako nalipa kiingilio changu na kukaa mahali pamoja saa nzima. Kutembea hakusaidii. Ukikaa, wadudu wanaanza kujitokeza, na unajifunza mazoea yao. Kerengende huondoka kwenye kijiti na kurudi kijiti hicho hicho. Usimfuate, sogea karibu na kijiti akiwa hayupo. Usimtupie kivuli chako. Sogea taratibu kwa mstari mmoja, maana kinachomshtua zaidi ni kitu kinachokatiza mbele yake.

Maji moto ni habari nyingine. Hao chungu wekundu wanaojenga kwa kushona majani, kwenye miembe na minazi, wakulima wa nazi wanawapenda kwa sababu wanamfukuza kunguni anayeangusha nazi changa. Mimi nawapenda kwa sababu wanajipanga safu ukingoni mwa jani, kila mmoja amemng'ang'ania mwenzake, wanavuta majani mawili yakutane, halafu wengine wanaleta mabuu wao mdomoni na kuyatumia kama gundi: hariri inatoka kwa buu. Ile safu ni zawadi, ilaze kadi yako sambamba nayo. Lakini usiegemee tawi. Niliegemea mpera, sikuhisi kitu kwa dakika mbili nzima, maana walikuwa wanapanda kimya kimya mpaka walipofika shingoni, ndipo wakauma wote kama walipigiwa filimbi. Wanauma na kumwagia tindikali juu ya jeraha. Kamera niliitupia kwenye mchicha. Mama mwenye nyumba alitoka na ndoo ya maji bila kuuliza.

Watu wengine humtia mdudu kwenye friji ili azubae, au wanambandika kwa gundi. Sifanyi, na picha zao nazitambua: miguu imekunjika vibaya, vipapasio vimelala, amekaa kama mgonjwa. Mdudu mzima anajishika. Hilo linaonekana hata na mtoto.

Kuna njia ya kupiga picha nyingi, kila moja fokasi imesogea kidogo, kisha programu ikaziunganisha kuwa moja iliyo shapu yote. Nimeijaribu kwa mbawakawa aliyekufa dirishani, picha ishirini na nne, na ilitoka vizuri. Kwa walio hai huwa napiga tatu au nne haraka haraka, nikipata bahati naunganisha mbili. Sipendi inapopitiliza. Mdudu aliye shapu kila mahali hana pa kukupeleka.

Baada ya hapo ni kuchagua. Katika picha themanini za asubuhi nabakiza mbili, nakata kidogo pembeni, nainua kivuli kidogo, basi. Kila moja naichapisha na kuibandika kwenye ukuta wa kibanda mbele ya kiti, wiki nzima, nisikilize wateja. Wakiuliza "hiki ni nini?", picha imeshindwa. Wakiuliza "umetumia kamera gani?", imeshindwa kwa adabu. Ninachosubiri ni mtu aulize "huyu anafanya nini?"

Mwezi uliopita niliweka vunjajungu, uso kwa uso, amekunja mikono, kanga nyuma. Katikati ya kila jicho lake kuna kidoa cheusi kinachoonekana kama mboni. Si mboni, ni vile vijicho vinavyoelekea kwako moja kwa moja, mwanga umezama ndani yake haurudi. Kwa hiyo popote ulipomsimamia wakati wa kumpiga, ataonekana anakutazama wewe. Akaja mama mmoja na mwanawe wa shule, akakaa, akanyanyuka.

"Kaka, samahani. Huyo hapo ukutani mgeuze, siwezi kutulia."

Hakuwa anatania, na wazee wetu husema ukimgusa vunjajungu utavunja chombo. Nilimgeuzia kiti.